Miwani ya Kambale na Kavira wa Beni

Nyinyi mama wa kikundi chetu mmeniuliza vya kutosha. Mmoja alisikia kwamba nilipigana Beni mbele ya watu. Mwingine alisikia kwamba Kambale ameoa mke wa pili na mimi nimerudi Kipese na baiskeli tu. Sikupigana. Nilimshika mtu blauzi, na nilimwomba msamaha siku hiyohiyo. Mengine yote nayaeleza hapa, mahali baada ya mahali, ili tukikaa tena kuchambua maharagwe tuzungumze habari za watu wengine.

Kipese, ambako nilisoma karatasi

Mume wangu mnamjua, yule anayebeba viazi kwa baiskeli kutoka huku kwetu milimani hadi Beni na kurudi na mafuta ya ngazi, yaani mawese. Kazi hiyo ameifanya tangu kabla Anita wetu hajazaliwa. Mwezi ule alirudi kutoka Beni na miwani. Siyo miwani ya kuning'inizwa sokoni. Hii ilikaa ndani ya kisanduku kigumu chenye zipu, vioo vyake vya rangi ya asali vilizunguka hadi pembeni mwa macho, na puani palikuwa na mpira laini usioteleza. Aliivaa asubuhi, aliivaa jioni, aliivaa hata akila ndani ya nyumba. Nilipomwuliza ameipata wapi, akasema ni ya vumbi, ya watu wanaoendesha baiskeli mwendo mrefu. Nilimwuliza wapi, akanijibu ni ya nini. Mwanamke yeyote anajua maana ya jibu la namna hiyo.

Siku mbili baadaye alipokwenda shambani niliifungua ile zipu. Chini ya kitambaa cha kufutia vioo palikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu: "Kambale, usitoke bila lineti iyi. Urudi siku ya kwanza ya mwezi, nakungojea. Kavira."

Nakungojea. Nilikaa kitandani na karatasi mkononi, na chakula kikanishinda siku nzima. Mnajua chakula hakinishindi.

Kama karatasi hii itasomwa na mgeni wa nchi yetu, nimweleze kidogo: lineti ni miwani. Kwetu Wanande msichana wa kwanza huitwa Masika na wa pili huitwa Kavira, kama vile mvulana wa pili anavyoitwa Kambale. Mimi ni Masika. Nyuma ya kila Masika huja Kavira, na mimi niliisoma karatasi ile hivyohivyo: wa kwanza nipo, na wa pili ameshafika.

Sikumwambia kitu. Nilisema tu nataka kufuatana naye hadi Beni nimwone mama mdogo. Akaanza kunitajia ubaya wa njia: vumbi, malori, vizuizi vya wanajeshi, mteremko wa Kabasha. Kadiri alivyoisema vibaya ndivyo nilivyozidi kuiona sura ya huyo Kavira. Nikaazima baiskeli ya kaka yangu, nikavaa suruali ndani ya kitenge, watoto tukawaacha kwa mama mkwe.

Kipese hadi Butembo

Tulitoka asubuhi ndani ya ukungu mzito hata tairi la mbele silioni. Kambale alikuwa na magunia mawili ya viazi. Mimi nilifungiwa mafungu ya vitunguu vya majani, na harufu yake ilinifuata safari nzima. Na katika ukungu huo mume wangu kavaa miwani ya jua. Nilimwuliza jua liko wapi. Akasema upepo pia unaumiza.

Jambo lingine lilinichoma. Kila nilipotaka kwenda upande wake wa kushoto alinihamishia kulia. Nikipita kushoto bila kumwambia alishtuka kama mtu aliyefumaniwa, na mara moja nusura anigonge. Nikasema moyoni, huyu ana lake.

Kwenye milima tulisukuma, kwenye miteremko tulipanda, na mapaja yangu yakanikumbusha kwamba sijaendesha tangu niolewe. Penye chemchemi moja tulisimama kunywa maji. Mama mmoja aliyekuwa akiosha karoti alimwamkia Kambale, "Wavukire, docteur," akainuka akampisha kwenye jiwe alilokalia. Mimi akaniuliza kama kazi ya kumbebea daktari mizigo inalipa vizuri. Nikamjibu kwamba nimeifanya miaka kumi na mitatu na nimemzalia watoto wanne. Alicheka hadi karoti zikamponyoka. Kambale naye alicheka, lakini miwani hakuivua.

Njia nzima ilikuwa hivyo. Mtu akimwona na vile vioo vya asali anajiweka sawa, anatafuta Kifaransa chake. Akiniona mimi nyuma na vitunguu, anaona punda. Nilikuwa na wivu wa aina mbili siku hiyo, wivu juu ya mwanamke na wivu juu ya kitu, na ule wa kitu ulikuwa mkali zaidi kwa sababu kitu nilikuwa nakiona.

Butembo

Tulifikia kwa kaka yake mkubwa, Mumbere, ambaye tulimwachia nguruwe wetu atufugie. Mwezi uliopita niliambiwa kwamba nguruwe huyo amekufa kwa homa. Nilikwenda kutazama banda, nikalikuta limefagiwa vizuri. Nikampa Mumbere pole. Alitazama viatu vyake, akasema mambo ya Mungu ni mengi, akakumbuka kwamba ana kazi nyuma ya nyumba.

Mke wake alitupikia ovundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo, iliyokolea mafuta. Tukiwa mezani Kambale alipeleka mkono kwenye kisahani cha chumvi, mkono ukaenda pembeni, ukagusa meza. Akajaribu tena, ukakosa tena. Kila mtu alijifanya hakuona. Mimi niliona, nikajua mawazo yake yameshatangulia Beni.

Asubuhi niliamua kwamba na mimi nitaingia Beni na miwani. Karibu na soko palikuwa na mtu aliyening'iniza miwani kwenye ubao kifuani.

"Mama, iyi njo original," aliniambia. "Inatoka Dubai. Jua hapana kuingia hata kidogo."

Nilichagua nyeusi kabisa, pana, yenye vijiwe vinavyong'aa pembeni. Nikajitazama kwenye kioo chake kidogo, nikajipenda. Kisha nikamwuliza hii na ile ya mume wangu zinatofautiana nini. Muuzaji alimwomba Kambale aivue, Kambale akamsogezea uso tu. Yule mtu aliinama, akachungulia pembeni, mbele, na pembeni tena, na maneno yote ya biashara yakamwisha.

"Papa, iyi hapana ya muchezo," alisema polepole. "Mutu mwenye alikupatia iyi, anakupenda."

Nililipa yangu bila kuomba punguzo.

Butembo hadi Maboya

Niseme kweli kuhusu miwani ya bei rahisi, maana najua wengine mnataka kuwanunulia waume zenu. Saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Jua lilipungua, watu walinitazama, nikawa napiga pedali kama msichana. Saa ya pili jasho lilianza, miwani ikateleza hadi ncha ya pua, nikawa naendesha kwa mkono mmoja na kuisukuma juu kwa mwingine. Vioo vyake vilikuwa na mawimbi, barabara ikawa inacheza, na shimo nililoliona kulia lilikuwa kushoto. Lori likipita, vumbi liliingia kwa juu, kwa chini na kwa pembeni, likakaa humo ndani pamoja na macho yangu. Mbele yangu Kambale alipita katika vumbi hilohilo na kichwa juu. Nilimchukia kila pedali ilipozunguka.

Kabla ya Maboya nilipanda juu ya jiwe, kioo cha kulia kikaruka, na lori lililokuwa nyuma likakikanyaga. Nikaendelea na kioo kimoja. Sikuivua, kwa sababu kuivua kungekuwa kukubali kwamba nimeshindwa. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi kando ya njia waliitana watoke wanione. Kambale alisimama, akavua yake, akaninyoshea.

"Mama Anita, kamata. Vaa iyi mpaka kule juu."

Nikamwambia avae mwenyewe asije akagombezwa. Akauliza agombezwe na nani. Nikasema na vumbi. Aligeuza uso kidogo upande mmoja kama anavyofanya siku hizi, akaivaa tena.

Mbele kidogo tukakuta kizuizi cha wanajeshi. Mmoja wao alimwita Kambale patron, akamwuliza kwa Lingala anakwenda wapi, "Ozokende wapi?" Kisha akamkaribisha kwenye benchi na kumkatia nusu ya hindi lake la kuchoma. Mimi nilibaki juani na kioo changu kimoja na vitunguu vyangu. Walizungumza habari za mvua na za mpira, na nilimwona mume wangu anafurahia kuitwa patron. Baadaye mwanajeshi alinyosha mkono, akataka aijaribu ile miwani. Mtu yeyote angempa. Kambale akaishikilia usoni kwa mikono miwili.

"Chef, unisamehe," alisema. "Iyi hapana lineti tu. Ni dawa."

Mkono wa mwanajeshi ulirudi upesi. Mnajua neno dawa lina mzigo gani kwetu. Kuna dawa ya hospitali na kuna dawa ya mganga, na barabarani watu huwaza ile ya pili kwanza. Alimtazama Kambale vingine kabisa, kama mtu ambaye risasi zinamkwepa, akatufungulia kamba mwenyewe na hindi lake akalisahau kwenye benchi.

Mimi sikuwaza risasi. Niliwaza mapenzi. Kumbe huyo Kavira hakumpa zawadi tu, amemtengenezea dawa, ameiweka machoni, na kila anachokitazama mume wangu anakiona kupitia kwake. Ndiyo maana ameandika usitoke bila hii. Ndiyo maana mume haivui hata akila. Yote yaliingiana vizuri sana. Nilianza rozari juu ya baiskeli, na kati ya Salamu Maria moja na nyingine niliyasema mengine ambayo padri hakunifundisha.

Mteremko wa Kabasha

Baada ya Maboya njia inapanda na kushuka, na hewa inaanza kuwa ya joto. Kabasha tulifika jua likiwa upande wa magharibi, linatupiga usoni kwenye kona. Katikati ya mteremko mdudu aliingia kwenye jicho langu la kulia, lile lisilo na kioo. Nilifumba yote mawili. Nilipofumbua nilikuwa nimelala juu ya muhogo wa mtu, ule unaoanikwa kando ya barabara, na baiskeli ya kaka yangu imelala juu yangu. Nilikuwa mweupe kwa unga kutoka nywele hadi viatu.

Mwenye muhogo alitoka nyumbani kwake taratibu. Alikuwa mama wa makamo, mjane, Mprotestanti wa kweli, jina lake Mama Kahindo.

"Mama, kama ulikuwa na njaa ungesema tu," aliniambia.

Kambale alikuja mbio. Alivua miwani, akanishika kidevu, akanisogezea uso karibu sana akitumia jicho moja, kama kuku anavyochungulia punje, na kwa ncha ya kitenge changu akamtoa mdudu. Nilihisi pumzi yake. Niliona pia kwamba macho yake yanatoka machozi, na moyo wangu ulifurahi. Nikasema, basi bado anajua alichonifanyia.

Tairi la mbele lilikuwa limepinda, na fundi wa pale alikuwa msibani. Hatukuweza kuendelea. Mama Kahindo alitupa kazi kwanza: tuokote muhogo wake wote, tuupepete, tuuanike upya. Halafu akatupa ndizi za kupika na maharagwe, na sala ndefu kabla ya kula, ambayo kwa ajili yake alimwamuru Kambale avue miwani. Tukiosha vyombo aliniambia pembeni kitu ambacho sikukielewa.

"Bwana yako, jicho moja njo inalia. Ingine hapana."

Nikamjibu kwamba hata majuto yake ni nusu. Akanitazama, akaendelea kuosha.

Asubuhi, Kambale alipokuwa akioga nyuma ya nyumba, niliichukua ile miwani na kuivaa. Nawaambia haya kwa sababu mmeuliza. Nilitazama barabara yenye jua, na macho yangu hayakukunjamana. Niliona jani na vumbi lililo juu ya jani. Niligeuza kichwa haraka haraka, haikutikisika. Upepo ulipita pembeni bila kuingia. Sikuhisi kitu puani. Nilichukia jinsi ilivyokuwa nzuri. Kama mwanamke huyo alijua kuchagua kitu kizuri hivi kwa uso wa mume wangu, basi uso huo ameutazama kwa muda mrefu.

Choo cha Mama Kahindo kilikuwa hatua kumi kutoka pale, na shimo lake lilikuwa refu. Nilikwenda hadi mlangoni na miwani mkononi. Kilichonizuia siyo utakatifu. Nilitaka kwanza kumwona Kavira akiwa na dawa yake kamili, nimrudishie mkononi, aone kwamba haikufaulu. Nikairudisha kwenye kisanduku kabla Kambale hajamaliza kujifuta. Fundi aliporudi kutoka msibani alininyooshea tairi, tukaondoka.

Beni

Beni kuna joto, na baada ya baridi ya Kipese mwili unashindwa kuamini. Kakao ilikuwa imeanikwa kila mahali, harufu yake chachu inaingia hadi kooni, na pikipiki zinapita kila upande. Viazi viliisha upesi, vitunguu vyangu pia. Tukala samaki wa ziwani na wali kibandani. Kambale hakumaliza sahani yake. Aliniambia atanifikisha kwa mama mdogo, kisha yeye atapita mahali kidogo.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi. Nilimwambia sawa.

Mlangoni kwa mama mdogo nilisubiri apinde kona, nikapanda baiskeli, nikamfuata kwa upande wa kushoto, karibu kabisa. Hakuniona. Mtaa wa tatu aliingia kwenye ua wa zahanati moja ndogo, akaegemeza baiskeli, akapotea ndani. Nilipofika uani nilikuta benchi limejaa wagonjwa, na langoni wanawake wanauza maji ya matunda. Nilikuwa na jasho, unga wa muhogo bado uko masikioni, na mkononi nimeshika ile miwani yangu ya kioo kimoja, sijui kwa nini.

"Kavira iko wapi?" niliuliza kwa sauti.

Wanawake watatu waliitika. Ningepaswa kutegemea hilo, mimi Mnande niliyezaliwa na kukulia hapa. Lakini wivu ulishanitoa akili, nikamchagua aliye mzuri kuliko wengine, muuza maji ya matunda mwenye nywele mpya na midomo myekundu. Nikamshika blauzi.

"Uachane na bwana yangu."

"Bwana gani?"

"Kambale."

Alinitazama juu mpaka chini. "Kambale gani? Kaka yangu ni Kambale. Baba mukwe ni Kambale. Na bwana yangu mwenyewe njo Kambale." Kisha nilimwona anaelewa kitu, na uso ukambadilika. Na yeye akanishika blauzi. "Donc ni weye? Bwana yangu unamujulia wapi?"

Tulikaa hivyo, kila mmoja amemshika mwenzake, kila mmoja amemkamata mwizi wake. Wagonjwa walisogea kwenye benchi ili waone vizuri. Mtu aliyetutenganisha alitoka ndani na koti jeupe, akauliza nani anamwita Kavira. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa bibi mzee mwenye miguu ya kuvimba. Hapana. Alikuwa na umri wangu, ngozi safi, meno mazuri, sauti ya chini. Alinitazama, akatazama miwani yangu ya kioo kimoja, akatabasamu.

"Weye ni Mama Anita," alisema. "Alisema hautakuja."

Chumbani kwa Kavira

Kambale alikuwa amekaa kwenye kiti, miwani imewekwa mezani. Aliponiona alisimama, akakaa tena.

Kavira ni muuguzi wa macho. Alinieleza yote mwenyewe, kwa sababu mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Kwenye jicho lake la kushoto kuna nyama inayoota kutoka pembeni, inatambaa kuelekea kwenye mboni. Upepo, vumbi na jua la barabara ndivyo vinavyoilisha, na yeye ameilisha miaka mingi. Mimi nilikuwa naliona jicho lile jekundu kila siku, nikadhani ni wekundu wa kila mtu wa barabara. Sikujua kwamba nyama imeshafika katikati na jicho hilo sasa halioni. Daktari wa kupasua atapita mwezi ujao. Ataiondoa, ila hakuna anayejua jicho litarudi kiasi gani, na nyama ya namna hiyo hupenda kurudi. Kama akiendelea na barabara bila kujikinga, itaanza upande wa pili. Na akipoteza la pili, watoto wanne watakula nini, hilo sikuhitaji kuelezwa na muuguzi.

Dawa ilikuwa dawa kweli.

Alichukua na miwani yangu, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akasema nyeusi ya namna hii inalidanganya jicho. Jicho linadhani ni giza, linafunguka, na lile jua baya linaingia lote. Ni heri kofia pana kuliko hii. Aliniuliza kama anaweza kuitupa, nikamwambia aitupe.

Ndipo nikauliza ile nzuri ilinunuliwa kwa fedha gani. Kambale akasema, "Nguruwe." Hakufa kwa homa. Alikuwa mzima, mnene, na Mumbere alimsindikiza sokoni. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Mmeniuliza kama miwani ya bei ile inafaa kwa mtu wa baiskeli. Inafaa. Mwenye mume anayeshinda barabarani auze anachoweza kuuza, anunue inayozunguka hadi pembeni, aulize watu wa macho siyo watu wa ubao kifuani. Nimeivaa mwenyewe, sikusimuliwa. Ila mwambieni huyo mume asinunue kwa siri, kwa sababu ile siri nimeilipia zaidi ya nguruwe.

Yule Kavira wa langoni nilimwomba msamaha, tukanywa maji yake ya matunda pamoja. Anasema bado anamchunguza Kambale wake. Kwa mama mdogo tulikaa siku mbili, njia ya kurudi ilikuwa ya kusukuma zaidi kuliko kupanda, na mafuta ya ngazi mmeshayaona.

Mnadhani basi wivu ulinitoka pale chumbani. Haukutoka. Wakati muuguzi anaeleza, nilikuwa nimesimama mlangoni na kitu kimoja tu kichwani: mwanamke huyu amejua kabla yangu. Mimi nalala upande wa jicho lile. Nilimwuliza Kambale kwa nini alimwambia yeye, siyo mimi. Alisema muuguzi ni kazi yake, na kwangu alitaka kubaki mzima, siyo mgonjwa. Nikamwambia kwamba amenifanya nionekane mgeni nyumbani kwangu.

Kavira hakuingilia. Alikuwa na kazi ya kumaliza. Alimwambia Kambale afunike jicho zuri kwa kiganja, atazame mbele. Akamwonyesha vidole, Kambale akakosa. Akamwonyesha mkono mzima, akakosa. Kisha akaninyoshea kidole mimi.

"Pale kwa mulango, nani anasimama?"

"Masika," alisema Kambale. Alikuwa hajaniita jina hilo tangu tuzae.

"Unamuona?"

"Hapana. Naona moshi tu. Lakini najua vile anasimama akiwa na kasirani."

Kavira alicheka kidogo, akainama, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilitaka kumwambia afute. Jibu lile lilikuwa langu mimi.